Mbegu za tenera zina ganda nene, ni feki? Na kipimo cha vinasaba kwa miche ya michikichi

Kitalu_Ilagala ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Swali ni la michikichi, ila nadhani jibu lake liko kwenye jeni kuliko kwenye jembe.

Kitaluni kuna mafungu mawili ya miche, yote ya miezi minne. Fungu A ni mbegu 400 zilizouzwa kama tenera (michikichi chotara ya ganda jembamba na nyama nyingi), zao la uchavushaji wa mkono. Kokwa zilizobaki ukizipasua, ganda ni nene, milimita 4 mpaka 5, sawasawa na michikichi ya kienyeji ya huku Uvinza. Fungu B ni mbegu 250 za mti mmoja wa tenera ulioko hapa kijijini. Chikichi zake zina nyama nyingi na ganda la milimita 1 tu. Hizo zimeokotwa chini ya mti, hakuna aliyezichavusha.

Wanaopita kitaluni karibu wote wanashauri A itupwe kwa kuwa ni feki, B ndiyo ipandwe. Naomba kujua:

1. Ganda nene linathibitisha kwamba A si tenera?
2. B itatoa nini?
3. Kuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kuutambua mche kabla haujazaa, maana kusubiri mkungu ni miaka mitatu? Jani linachukuliwaje, linaharibikia wapi?
4. Kuna anayesema lazima isomwe jinomu nzima (vinasaba vyote) ya kila mche. Ni kweli?

---

Mendeli_KGM

Usitupe A! Ukifuata ushauri wa wapita njia utatupa tenera ubaki na mchanganyiko.

Ganda la kokwa si la mtoto, ni la mama. Nyama inayotoa mawese pamoja na ganda gumu linaloizunguka mise (kiini cha ndani ya kokwa) vyote vimejengwa na ukuta wa ovari ya ua la mti mama. Kilichotokana na chavua kimo ndani ya mise: kiinitete na akiba yake ya chakula. Ukipasua kokwa ukapima ganda umempima mama. Ni sawa na kutazama kanga iliyombeba mtoto mgongoni ukasema umeiona sura ya mtoto.

Unene wa ganda unaongozwa na jeni moja. Tuandike Sh kwa aleli (toleo la jeni) inayojenga ganda na sh kwa iliyoharibika:

Dura ni ShSh, ganda la milimita 2 hadi 8. Tenera ni Shsh, ganda la takriban nusu milimita hadi 4, na ukikata chikichi unaona pete ya nyuzi nyeusi kulizunguka ganda. Pisifera ni shsh, haina ganda kabisa, na kwa kawaida haizai: maua jike yanatoka, mkungu unaanza, kisha unaoza kabla ya kuiva.

Angalia milimita hizo. Dura ya ganda jembamba na tenera ya ganda nene zinaingiliana katikati, kwa hiyo hata kwa mti unaozaa, pete ya nyuzi ni shahidi bora kuliko rula.

Waliolifumbua hili ni Beirnaert na Vanderweyen, 1941, kwenye kituo cha Yangambi huko Kongo, enzi za Wabelgiji. Walionyesha kwamba tenera si aina inayojizaa yenyewe, ni chotara. Ndiyo sababu mbegu ya tenera hutengenezwa kwa mama dura na baba pisifera: kila mtoto anapata Sh kwa mama na sh kwa baba, wote Shsh. Na kwa kuwa mama ni dura, kila kokwa ya tenera halali inatoka na ganda nene la mama yake. Ganda nene kwenye A ndilo unalopaswa kuliona. Muuzaji angekuletea "tenera" zenye ganda jembamba, hapo ndipo ungemuuliza maswali.

Sasa B. Mama ni Shsh, baba hajulikani.

Baba akiwa dura, nusu ya watoto ni dura na nusu tenera. Baba akiwa tenera, robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Baba akiwa pisifera, nusu tenera na nusu pisifera. Umeona? Baba awe nani, tenera ni nusu tu. Kwa Ilagala, ambako mti huo umezungukwa na michikichi ya kienyeji ambayo mingi ni dura, tegemea kama miche 125 ya dura na 125 ya tenera, na pisifera chache kama kuna tenera nyingine jirani. Mti kujichavusha wenyewe ni nadra kwa sababu mchikichi hutoa maua dume na jike kwa zamu, lakini zamu huingiliana mara mojamoja.

Ukipanda kwa nafasi ya pembetatu ya mita 9, hekta inabeba miti 143. Kwa fungu B, kama 71 hivi ndiyo itakuwa tenera. Tenera hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura kwa eneo lilelile, na shamba la mchikichi linakaa miaka 25. Piga hesabu mwenyewe.

---

Maabara_ya_Ziwani

Mendeli kamaliza 1 na 2. Mimi nachukua 3, na 4 kwa ufupi.

Jeni yenyewe inaitwa SHELL, ilitambuliwa 2013 na timu ya Bodi ya Mafuta ya Mawese ya Malaysia pamoja na wenzao wa Marekani, mwaka uleule walipochapisha jinomu ya mchikichi. Ni ndugu wa jeni ya SEEDSTICK ya mmea wa maabara Arabidopsis, familia ya MADS. Protini za familia hii hushika uzi wa DNA zikiwa mbilimbili na kuwasha jeni nyingine, na hapa kazi ni kuziamuru seli zijenge ukuta mgumu. Mabadiliko mawili yaliyoelezwa kwanza yote yako kwenye kipande kinachoshika DNA. Kwenye moja, asidi amino ya 28 imetoka lusini kuwa prolini, kwa sababu herufi ya 83 ya jeni imetoka T kuwa C. Kwenye nyingine, asidi amino ya 30 imetoka lisini kuwa asparajini, kosa likiwa herufi ya tatu ya kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja), yaani ya 90. Aleli nyingine adimu zimeonekana baadaye, kwa hiyo kipimo kinachotazama herufi ya 83 na ya 90 tu kinaweza kuzikosa. Ndiyo maana napendelea kusoma eksoni (kipande cha jeni chenye maelekezo ya protini) ya kwanza yote badala ya kuuliza herufi mbili.

Na hapo swali la 4 limejibika. Jinomu ya mchikichi ina herufi takriban bilioni 1.8 kwenye jozi 16 za kromosomu. Kuisoma mara 10, kiwango cha chini cha kuaminika kidogo, ni herufi bilioni 18 kwa mche mmoja. Wewe unahitaji kipande cha herufi mia chache. Anayekuambia usome jinomu nzima ili ujue ganda anakutoza nauli ya treni mpaka Dar ukanunue kiberiti.

Kuchukua jani. Chukua jani changa kabisa, lile la katikati lisilofunguka vizuri. Jani kongwe la mchikichi limejaa polifenoli na sukari nzito, vyote ni maadui. Lifute kwa kitambaa chenye ethanoli asilimia 70 kuondoa vumbi na kuvu. Kata kama nusu gramu. Mkasi uufute na jiki iliyochanganywa moja kwa tisa na maji, kisha maji safi, kabla ya kugusa mche unaofuata. Weka kipande kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na bahasha ndani ya mfuko wa kufunga wenye silika jeli ya kubadilika rangi, uzito mara 10 ya jani, yaani gramu 5. Jani linapaswa kuwa kavu la kuvunjika ndani ya saa 24. Silika ikibadilika rangi kabla ya hapo, iondoe weka kavu. Usianike juani: linakauka nje, ndani linaendelea kuungua kahawia na DNA inakatika. Namba ya mche iandike kwa penseli. Kalamu ya wino ikiguswa na ethanoli inafutika, ukabaki na bahasha 30 zisizo na majina.

Likikauka hivyo huhitaji barafu. Linasafiri kwa basi au treni kutoka Kigoma kwenda maabara bila shida.

Kutoa DNA. Miligramu 20 za jani kavu zinatosha. Saga mpaka unga. Bafa: CTAB asilimia 2, NaCl mola 1.4, Tris milimola 100 ya pH 8, EDTA milimola 20, PVP asilimia 2, na beta-merkaptoethanoli asilimia 0.2 ikiongezwa siku hiyohiyo. Weka mikrolita 700 zikiwa tayari na moto wa 65°C, uache kwenye joto hilo dakika 45 ukigeuzageuza. Kisha klorofomu na isoamili kwa 24:1, kiasi sawa na bafa, zungusha dakika 10, chukua maji ya juu tu bila kugusa utando mweupe wa katikati. Isopropanoli baridi mara 0.7 ya ujazo, dakika 30, zungusha, osha mara mbili kwa ethanoli asilimia 70, kausha, yeyusha kwenye mikrolita 50 za TE.

Inapoharibika, rangi na umbo vinakuambia. Donge likiwa la kahawia, polifenoli zimeishika DNA: PVP ilikuwa kidogo, merkaptoethanoli ilisahaulika, au jani lilisagwa likaachwa kabla ya bafa. Donge likiwa kama uji wa muhogo, linateleza na haliyeyuki, ni sukari nzito. Rudia kuiangusha DNA, safari hii kwa ethanoli kwenye chumvi nyingi, NaCl ya zaidi ya mola 1, sukari ibaki juu. Uwiano wa 260/280 (mwanga unaonyonywa na sampuli kwenye nanomita hizo) ukiwa karibu 1.8 protini zimeondoka. Wa 260/230 ukiwa chini ya 1.5, PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) huenda ikagoma. Kabla hujatupa sampuli iliyogoma, ipunguze kwa maji mara 10 ujaribu tena: DNA inapungua, lakini kizuizi nacho kinapungua, na mara nyingi PCR inakubali.

PCR na kusoma. Nanogramu 10 hadi 20 za DNA kwa mrija, primeri (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zinazoizunguka eksoni ya kwanza, 95°C dakika 3, kisha mizunguko 35 ya 95, joto la primeri zako, na 72, sekunde 30 kila hatua. Kila sahani iwe na mrija wa maji matupu na miti mitatu inayojulikana: dura, tenera na pisifera zilizokatwa chikichi au kukaguliwa mkungu. Bila hao watatu huna kipimo, una picha za jeli. Kosa la kimyakimya ni primeri kuangukia mahali penye tofauti ya herufi kwenye aleli moja. Aleli hiyo haikuzwi, na tenera inasomeka kama dura safi au pisifera safi. Ukiona fungu halina tenera hata moja, shuku primeri kabla ya kumshuku muuzaji.

Halafu usipeleke maabara ganda wala nyuzi za kokwa, maana utampima mama kwa gharama kubwa zaidi. Chakula cha ndani ya mise nacho kina mtego wake: kina dozi mbili za mama na moja ya baba, vilele vya herufi kwenye mchoro wa kusoma DNA havilingani urefu na msomaji asiyejua atadhani ni uchafu.

---

Bwana_Shamba_Kasulu

Nyongeza ndogo kwa walio na miti inayozaa tayari. Kata chikichi kwa kupita katikati, zisiwe chini ya 5 kutoka mkungu mmoja, na uzichukue za nje ya mkungu. Za ndani kabisa nyingi hazikuchavushwa, hazina mise wala ganda la maana, na mtu huziita pisifera bure.

Rangi nayo iachwe pembeni. Chikichi inayoanza nyeusi ikaiva nyekundu, na ile inayoanza kijani ikaiva rangi ya chungwa, ni kazi ya jeni nyingine kabisa, VIR. Kuna dura za kijani na tenera za kijani.

---

Nukta_mbili

Swali kwa Maabara. Kuna ripoti ya mche mmoja: herufi ya 83 ina vilele viwili, T na C, na ya 90 nayo ina vilele viwili. Maabara iliyosoma imeandika "tenera" kwa sababu kila mahali pana nakala moja nzima na moja mbovu. Ni sawa?

---

Maabara_ya_Ziwani

Si sawa, huyo karibu hakika ni pisifera. Makosa hayo mawili yalitokea kila moja kwenye ukoo wake, hayakai kwenye uzi mmoja. Mche wako una uzi mmoja wenye C kwenye 83 na uzi mwingine wenye kosa la 90. Kila uzi una kosa lake, hakuna uliobaki mzima. Vilele viwili sehemu moja tu, hiyo ni tenera. Vilele viwili sehemu zote mbili, hesabu pisifera.

Kusoma kwa Sanger, njia ya kawaida ya kusoma kipande kifupi, kunachanganya nyuzi zote mbili kwenye picha moja, kwa hiyo hakuwezi kukuonyesha nani anakaa na nani. Ukitaka ushahidi, kisome kipande hicho kwa mashine inayosoma molekuli mojamoja, mfano MinION: herufi 83 na 90 ziko karibu sana, kila usomaji unazipita zote mbili. Ukiona nusu ya usomaji ina kosa la kwanza tu na nusu ina la pili tu, biashara imekwisha. Faida nyingine ni kwamba kila mche unapewa mkia wake wa utambulisho wakati wa PCR, na miche 96 inasomwa kwa pamoja.

---

Kitalu_Ilagala

Nimeelewa, asanteni sana wakuu. Kwa hiyo A inabaki. Bado nataka uhakika kwamba haijachanganyika, na sina fedha ya kupima miche 400. Nipime mingapi?

---

Mendeli_KGM

Kwanza ujue uchafu wa A unaingiaje. Ua jike linafungwa mfuko kabla halijafunguka, kisha chavua ya pisifera iliyochanganywa na unga wa talki inapulizwa ndani. Mfuko ukiwa na tundu, au ukifungwa siku imechelewa, fukusi wanaochavusha michikichi wanaingia na chavua ya mti jirani. Huo uchafu unatoa dura, au dura na tenera kama jirani ni tenera. Hautoi pisifera kamwe, kwa sababu mama dura humpa kila mtoto Sh moja. Kwa hiyo ukikuta pisifera hata mmoja kwenye A, na sampuli haikuchanganywa, mama hakuwa dura. Hapo tatizo si tundu la mfuko, ni fungu zima.

Idadi: ukipima miche 30 iliyochaguliwa kwa kura, na fungu lina dura asilimia 10, uwezekano wa kukamata angalau mmoja ni asilimia 96. Kama unataka kukamata uchafu wa asilimia 5 kwa uhakika huohuo, pima 60. Kwa kura maana yake kwa kura: usichukue miche ya pembeni iliyo karibu na njia, wala usichague iliyodumaa. Ganda halionekani kwenye urefu wa mche, na pisifera mara nyingi ni mti wenye afya ya kutamanisha.

Kwenye B ni hesabu nyingine. Pale hutafuti kama kuna uchafu, unajua nusu si tenera. Kupima wachache hakukusaidii kitu. Ni ama upime kila mche unaotaka kuupanda, ama usipande. Kwa bei ya kupima miche 250 ili upate 125, kununua mbegu zilizochavushwa, za TARI Kihinga (kituo cha utafiti wa kilimo) kwa mfano, huenda kukawa nafuu. Linganisha bei kwanza.

---

Kitalu_Ilagala

Nitapima 60 za A. Silika niliyoipata ni ya bluu, si ya chungwa. Na je, maabara niwaulize nini kabla sijatuma?

---

Maabara_ya_Ziwani

Ya bluu inafanya kazi, inageuka waridi ikilowa. Ina kobalti, kwa hiyo usiishike kwa mkono mtupu wala isigusane na jani moja kwa moja, ndiyo kazi ya bahasha ya karatasi. Ikigeuka waridi usiitupe, ikaushe kwenye joto la 110 hadi 120°C mpaka irudi bluu, lakini isiwe sufuria ya kupikia.

Maabara yenye mashine za PCR zipo, TARI Mikocheni na SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) ni za kuanzia kuuliza. Usiulize "mnapima tenera?" Uliza kama wana primeri za SHELL au wataziagiza, kama wanasoma eksoni nzima au wanatazama herufi mbili, na kama wana dura, tenera na pisifera za kulinganishia. Kama hawana, watumie wewe: kata chikichi za dura moja ya kienyeji na za ule mti wa tenera wa fungu B, piga picha, kisha chukua majani ya miti hiyohiyo uweke kwenye bahasha zenye namba kama nyingine, bila kuwaambia ni ipi. Pisifera itabidi itoke kwa wazalishaji wa mbegu. Wakirudisha majibu, anza kutazama hizo ulizozificha kabla ya kusoma za A.